Vilima vya Karibu kwa Miguu ya Watoto

Mtu asimamaye mahali palipo wazi mjini Nairobi, asubuhi isiyokuwa na ukungu, akautazama upande wa kusini magharibi, huviona vilima vya Ngong vimejipanga kama vifundo vya ngumi iliyofumbwa. Makarani huviona wakienda kazini na wakirudi; mafundi huviona wakiwa juu ya majengo; na watoto wa shule huvichora katika madaftari yao kwa kalamu ya buluu. Lakini wengi wa watu hao hukaa Nairobi miaka ishirini, kisha hurudi makwao bila kukanyaga hata kilele kimoja. Mtoto akiulizwa nini kilichopo nyuma ya vilima vile, hujibu kwamba ndipo jua linapolala.

Jibu hilo lina uzuri wake. Hata hivyo mtoto wa miaka sita aweza kupewa jibu lililo bora zaidi, tena kwa nauli ya matatu na chakula kidogo kilichofungwa nyumbani. Nyuma ya vilima vile ardhi hukatika ghafula na kushuka katika Bonde la Ufa, na mtoto aliyeiona mara moja nchi ile ikiwa chini ya miguu yake hatahitaji kufundishwa tena na mwalimu maana ya neno bonde.

Wapo watakaocheka. Mkulima wa Murang'a au wa Machakos, ambaye shamba lake lenyewe limeinamia mtoni kama paa la nyumba, atauliza ni kazi gani hiyo ya kupanda mlima bila kufuata kuni wala mbuzi. Swali lake ni la haki. Watoto wake hupanda mlima kila siku wakienda kuteka maji, na kwao huo si mchezo. Lakini mtoto aliyezaliwa Umoja au Kawangware hakuupata mlima huo. Yeye hupanda ngazi za nyumba ya kupanga tu, na upeo wa macho yake ni ukuta wa jirani. Babu yake alizijua njia za mlimani kwa jina. Yeye hajui kwamba pumzi hubadilika mtu akipanda, wala kwamba upepo wa juu si upepo wa chini. Kwa mtoto wa namna hiyo, matembezi ya saa tatu juu ya kilima ni shule kamili.

Jambo la kwanza limpasalo mzazi kulijua ni kipimo. Watu wengi hukadiria safari ya mlimani kwa umbali peke yake, kama kwamba wanakwenda sokoni. Mwaka 1892 Mskoti mmoja, William Naismith, aliweka kanuni ambayo hata leo wapanda milima huitumia: mtu mzima hutembea maili tatu, yaani karibu kilometa 5, kwa saa moja, na huongeza saa moja nyingine kwa kila futi 2,000 anazopanda, ambazo ni kama meta 600. Kwa kanuni hiyo kilometa 3 zenye kupanda meta 300 ni safari ya saa moja na dakika chache. Lakini Naismith aliwahesabia watu wazima wenye nguvu. Mzazi mwenye mtoto wa miaka mitano na auzidishe muda huo mara mbili, kisha aongeze nafasi ya kumtazama kinyonga, ya kuokota mawe, ya kufunga kamba za viatu, na ya kulia kidogo bila sababu ijulikanayo. Asiyeziweka dakika hizo katika hesabu yake atazilipa kwa hasira.

Vilima vya Ngong vyafaa kwa mwanzo huo kuliko vingine vyote vilivyo karibu na Nairobi. Matatu za namba 111 hufika mji wa Ngong, na kutoka hapo barabara hupanda mpaka lango la msitu. Kilele kirefu, kiitwacho Lamwia, kina meta 2,460 juu ya usawa wa bahari. Jina la Ngong latokana na maneno ya Kimasai yenye maana ya chemchemi ya kifaru, ingawa vifaru wenyewe walikwisha kutoweka huko. Husimuliwa pia kwamba jitu moja kubwa lilijikwaa katika mlima Kilimanjaro likaanguka, likauegemeza mkono wake chini, na vifundo vya mkono huo ndivyo vilima hivi. Mtoto akiisikia hadithi hiyo njiani, hupanda kifundo kimoja baada ya kingine akivihesabu kwa vidole vyake mwenyewe, na mzazi hupata nusu saa ya amani.

Wataalamu wa miamba nao wana hadithi yao, wala haipungui ajabu. Wasema kwamba vilima hivi ni mabaki ya mlima mkubwa wa moto wa zamani sana. Bonde la Ufa lilipofunguka, upande wa magharibi wa mlima ule ulikatika ukadidimia, ukabaki huu wa mashariki peke yake. Ndiyo sababu mtu apandaye kutoka upande wa Nairobi huona mteremko wa kawaida, lakini akifika juu hukuta nchi imekwisha. Chini yake huonekana tambarare za Wamasai zilizo kavu, milima ya Suswa na Longonot kwa mbali, na siku chache zilizo safi kabisa, hasa alfajiri, huonekana theluji ya Kirinyaga upande mmoja na ya Kilimanjaro upande mwingine.

Juu ya vilima vya kaskazini husimama mitambo mirefu myeupe ya kufua umeme kwa upepo. Ya kwanza ilisimamishwa mwaka 1993 kwa msaada wa Ubelgiji, na baadaye ikaongezwa mingine. Watoto huipenda kuliko mandhari yote. Hukaa chini wakiitazama ikizunguka na kuisikiliza sauti yake kama ya mtu apepetaye mahindi taratibu. Lakini mitambo hiyo ni onyo pia kwa mzazi mwenye akili, maana wahandisi hawakuijenga mahali pale kwa ajili ya mapambo. Upepo wa Ngong haupumziki.

Na hapo ndipo palipo na hatari ambayo wazazi wengi hawaitambui. Mathalan, karani mmoja na mkewe watoka Nairobi siku ya Jumamosi mwezi wa Julai. Wana watoto watatu: wa kwanza ana miaka tisa, wa pili mitano, na wa mwisho, mwenye miezi kumi na minne, yumo mgongoni mwa mama yake. Baba amevaa fulana, kwa kuwa mjini palikuwa na jua. Wapanda kilima cha kwanza kwa furaha, na cha pili kwa nyimbo. Katika cha tatu wingu laja kutoka bondeni, na upepo wapita katika nyasi kama mto. Baba aona kilele cha nne karibu sana. Mtoto wa kwanza amuunga mkono, maana amekwisha kuwaahidi rafiki zake wa shule kwamba atavimaliza vyote.

"Baba watoto," asema mama, "huyu mgongoni amenyamaza."

"Amelala, mama watoto. Twende kidogo tu."

Mama amgusa mtoto miguu, kisha mikono. Ni baridi kama jiwe la mtoni. Hajalala, macho yake yamefumbuka, ila hataki kucheza wala kulia.

Mambo yamekuwa hivi. Mama mwenyewe anapanda; moyo wake unakwenda mbio, na jasho linamtoka, kwa hiyo anaona joto. Mtoto mgongoni hafanyi kazi yoyote. Hapandi, hatikisi miguu, na jasho la mama yake linailowesha nguo iliyomfunga. Upepo ukiipiga nguo ile iliyolowa humnyang'anya joto lake kidogo kidogo. Miguu yake ining'iniayo haina soksi. Hewa nayo hupoa kwa kadiri ya nyuzi 6 au 7 za Selsiasi kwa kila meta 1,000 za kupanda, basi Lamwia huwa na baridi kuliko Nairobi kwa nyuzi nne au tano hata kabla upepo haujahesabiwa. Mtoto mkubwa akiona baridi hulalamika. Mtoto mchanga akizidiwa na baridi hunyamaza, na mzazi mjinga hushukuru kwa ule utulivu.

Katika mfano huu baba anajua kusikiliza. Analivua begi lake, anatoa sweta ambayo mkewe alimlazimisha kuichukua, wanamfungua mtoto nyuma ya jiwe kubwa pasipo na upepo, wanamvika nguo kavu, wanamfunga tena kifuani pa baba chini ya koti, na wote wanashuka. Mtoto wa miaka tisa ananung'unika hadi kilima cha kwanza. Walipofika chini mtoto mdogo amekwisha kuanza kulilia ndizi, na sauti hiyo ya kulia ni habari njema kuliko kilele chochote.

Kwa hiyo sheria ya nyumba iwe hivi: mtoto mdogo kuliko wote ndiye aamuaye mwisho wa safari, wala si yule mwenye nguvu. Tena vilima vya Ngong humsaidia mzazi katika jambo hilo, maana ni mgongo mmoja mrefu wenye kupanda na kushuka, na mtu aweza kugeuka mahali popote bila kuona kwamba ameshindwa. Mgongo wote, toka lango la kaskazini mpaka Kona Baridi upande wa kusini, ni kama kilometa 10, na miteremko yake mingine ni mikali sana. Safari hiyo ni ya vijana. Jamaa yenye watoto wadogo itosheke na kilima cha kwanza na cha pili, ile chakula chake ikiutazama Bonde, na irudi kwa njia ile ile.

Hapo zamani vilima hivi vilikuwa na sifa mbaya kwa sababu ya wanyang'anyi, na ndiyo maana mpaka leo watu hushauriwa wasitembee mmoja mmoja, bali waungane na wengine au wamwombe askari wa msitu langoni awasindikize. Kumlipa askari si hasara. Aghalabu anajua mahali pa kuketi pasipo na upepo, na watoto humheshimu kuliko wanavyowaheshimu wazazi wao.

Majira nayo yatazamwe. Mwezi wa Januari na Februari anga huwa safi na nyasi kavu. Katika masika na vuli, radi hupenda kuja alasiri, na mgongo wa kilima usio na miti ni mahali pabaya kupita yote wakati wa radi. Mtu aonaye umeme akahesabu sekunde mpaka asikie ngurumo, kila sekunde tatu ni kilometa moja. Lakini mwenye watoto asingoje hesabu hiyo ipungue. Akisikia ngurumo ya kwanza na ashuke, wala asijisitiri chini ya mti ulio peke yake au karibu na milingoti ya simu. Dawa iliyo bora ni kuanza safari saa moja na nusu asubuhi na kuwa chini kabla ya saa saba.

Wakaao upande wa Thika na Machakos wana mlima wao, Ol Donyo Sabuk, ambao wengi huuita Kilimambogo. Una meta 2,145, na tangu mwaka 1967 ni hifadhi ya taifa. Jina la pili latosha kueleza tabia yake: mbogo wamo, tena hujificha katika vichaka vilivyo kando ya njia. Hakuna mzazi apaswaye kutembea huko na watoto bila askari wa wanyama mwenye bunduki. Lakini mlima huo una fadhili ambayo Ngong haina, nayo ni barabara ya kilometa 9 ifikayo mpaka kileleni, hata jamaa yenye gari laweza kupanda kwa magurudumu. Kama kilometa 7 kutoka langoni lipo kaburi la Sir William Northrup McMillan, Mmarekani tajiri aliyekuwa mnene ajabu, aliyefariki mwaka 1925. Alitaka azikwe kileleni, lakini gari lililochukua jeneza lilishindwa na mlima, ikabidi azikwe njiani. Watoto hucheka wakisikia habari hiyo, na si vibaya. Mkewe, Lucie, aliyeishi mpaka mwaka 1957, naye amelala papo hapo. Kutoka kaburini nchi ya Athi huonekana yote, na siku hizo hizo jamaa yaweza kupita kuyatazama maporomoko ya Fourteen Falls yaliyo chini ya mlima, ingawa kule watoto washikwe mkono, maana mawe yake huteleza.

Longonot ni jambo jingine. Picha zake huwadanganya watu, kwa kuwa mlima huonekana mdogo kutoka barabara ya Naivasha. Kutoka langoni mpaka ukingo wa shimo lake ni kilometa 3 na kidogo, na sehemu ya mwisho ni kupanda kwelikweli juu ya vumbi la majivu ya kale. Mtoto wa miaka minane au tisa aliyezoea kutembea ataufikia ukingo, ataona msitu uliomo ndani ya shimo, na hatasahau. Hapo ndipo ageuzwe. Kuuzunguka ukingo wote ni kilometa 7 nyingine, kukiwa na kilele cha meta 2,776 katikati ya safari, njia nyembamba, na jua lisilo na kivuli hata kimoja. Mtoto wa miaka minne asipelekwe Longonot kabisa, isipokuwa baba yake ana mgongo wa kuli wa bandarini.

Karibu na hapo ipo Hell's Gate, ambayo ni tambarare na yapendwa na watoto kwa sababu ya twiga na punda milia. Njia ya juu ni salama. Lakini makorongo membamba yaliyo kule yana historia ya huzuni. Septemba 2019 maji ya ghafula yaliwakuta watalii ndani ya korongo pamoja na kiongozi wao, na watu wakafa. Mvua huweza kunyesha mbali, mahali ambapo aliye korongoni haoni wingu wala hasikii ngurumo, na maji yakaja kama ukuta. Wakati wowote wa mvua watoto wasiingizwe katika korongo lolote, hata kama wengine wanaingia.

Kwa watu wa magharibi kipo kilima cha Lirhanda katika msitu wa Kakamega, na labda ndicho kilicho rahisi kuliko vyote vilivyotajwa hapa. Hupandwa kwa muda mfupi, na juu yake mtu huuona msitu ukitandazwa kama zulia. Kilimani mna shimo lililochimbwa na watafuta dhahabu, ambalo sasa ni nyumba ya popo. Mtoto mwenye woga asilazimishwe kuchungulia.

Kuna wazazi wachache ambao, wakiisha kuonja vilima hivi, huanza kuutamani Mlima Kenya wenyewe. Kutembea katika msitu wa chini na kula chakula karibu na lango ni jambo jema. Lakini ugonjwa wa mwinuko huanza kuwapata watu kutoka meta 2,500 hivi, na Point Lenana, kilele wanachokifikia watembeaji wa kawaida, kina meta 4,985. Mtu mzima akiumwa kichwa na kutapika hujua la kusema. Mtoto wa miaka minne hawezi kueleza kwamba kichwa kinamgonga. Hukataa chakula tu, akawa mkorofi, na wazazi wakadhani ni uchovu. Mlima ule hauendi popote. Utamngoja mpaka akue.

Katika mkoba yawekwe maji ya kutosha, walau lita moja kwa kila mtu, chapati au viazi vitamu, mayai ya kuchemsha, ndizi, sweta ya kila mmoja, koti la mvua, kofia za jua, na nguo kavu za yule mdogo. Viatu vya shule vilivyozoeleka ni bora kuliko vipya vilivyonunuliwa jana. Kucha za miguu zikatwe usiku wa kuamkia safari, kwa kuwa wakati wa kushuka vidole hugonga mbele ya kiatu, na mtoto aliyepanda akiimba aweza kushuka akilia. Ada za kuingia hubadilika mara kwa mara, na siku hizi katika hifadhi za taifa hulipwa kwa simu wala si kwa fedha mkononi. Basi yafaa kuuliza mapema, kabla watoto hawajafika langoni na kuuona mlima ukiwa mbele yao.